Goti Jipya na Hofu ya Kulikunja

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo zamani tulilisikia kwa mbali, lakini sasa limefika hadi vijijini kwetu Karagwe na Kyerwa. Ni juu ya ndugu zetu waliobadilishwa goti kwa upasuaji, wakarudi nyumbani salama, halafu wakaogopa kulitumia goti hilo.

Nianze na mama mmoja wa upande wa Kyerwa. Umri wake ni miaka sabini na ushee. Goti lake la kulia lilimtesa miaka mingi, hata kwenda kanisani ikawa safari ya kupumzika njiani mara tano. Watoto wake walichanga, wakauza ng'ombe na kahawa ya msimu mzima, akapelekwa hospitali kubwa mbali na nyumbani, akawekewa goti jipya. Wiki ya saba akaletwa kwetu. Vijana wawili walimshusha kutoka kwenye gari, mguu umenyooka kama mchi. Nilipolitazama goti niliona kovu zuri, kavu, halina usaha wala wekundu. Lakini nilipomwomba akunje goti, alinishika mkono akasema, "Sista, usiniguse. Kikichomoka, watoto wangu watauza nini tena?"

Nikamwuliza, "Mama, kichomoke nini?" Akajibu, "Chuma."

Tangu arudi nyumbani alikuwa kitandani. Siku moja tu alijaribu kuinuka, akasikia goti limelia "ka!", akarudi kulala akiwa anatetemeka. Wakwe zake wakamwekea mto chini ya goti, wakawa wanamletea chakula na beseni palepale. Kila mgeni aliyeingia alimwambia, "Pumzika mama, usijisumbue." Wote walimpenda. Na ndani ya upendo huo, goti lilikuwa linajifunga kidogo kidogo.

GOTI JIPYA NI KITU GANI?

Ncha za mifupa inayokutana kwenye goti zimefunikwa na gegedu, kitu laini kinachoteleza, ili mifupa isisuguane. Kwa sababu ya uzee, uzito mkubwa, ajali ya zamani au magonjwa ya viungo, gegedu huweza kulika hata mfupa ukasuguana na mfupa. Hapo maumivu huwa makali, na mguu huweza kupinda. Dawa na mazoezi vikishindwa, daktari bingwa wa mifupa anaweza kushauri goti libadilishwe.

Watu wengi hufikiri kwamba goti lote hukatwa na kutupwa. Sivyo. Daktari huondoa tabaka jembamba la mfupa ulioharibika, akafunika ncha ya mfupa wa paja na ncha ya mfupa wa chini kwa madini maalumu, na katikati akaweka plastiki ngumu inayoteleza. Mara nyingi sehemu hizi hushikizwa kwa saruji maalumu ya mifupa, ambayo hukauka na kuwa ngumu katika muda wa dakika chache, mgonjwa akiwa bado juu ya meza ya upasuaji. Ndiyo maana katika hospitali nyingi mgonjwa huinuliwa na kusimamishwa siku ileile au siku ya pili. Hafanyiwi hivyo kwa ukatili. Goti lake tayari linaweza kubeba uzito.

Upasuaji huu haufanyiki katika hospitali zetu ndogo. Wagonjwa wa kwetu hupewa barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa, na hapa nchini taasisi inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ya Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996. Magoti haya ni imara. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la madaktari la The Lancet, uliofuata wagonjwa wa nchi za nje kwa miaka mingi, ulionyesha kuwa kati ya magoti 100 yaliyobadilishwa, takriban 82 huwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Kitu cha kudumu hivyo hakichomoki kwa sababu mama ameinuka kwenda mlangoni.

HOFU HII INATOKA WAPI?

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu aliyeumwa na goti miaka kumi amejifunza jambo moja: nikilikunja, naumia. Mwili wake umelishika somo hilo. Ukibadilisha goti, somo la zamani halibadiliki siku hiyo hiyo. Tena sasa kuna kidonda kipya, na kidonda kinauma. Basi akili inasema, "Unaona? Bado kuna hatari."

Wataalamu wameipa hofu hii jina la kinesiofobia, maana yake hofu ya kujongea. Mwaka 1990 wataalamu wa Marekani walianza kulitumia jina hilo, wakatunga na maswali 17 ya kupima mtu anaogopa kiasi gani kwamba akijongea atajiumiza. Nalisema hili, ndugu msomaji, ili mgonjwa asione haya. Mwenye hofu hii si mvivu, si mdekaji, wala hana upungufu wa imani. Ana hali inayojulikana, iliyochunguzwa, na yenye tiba.

JINSI HOFU INAVYOLIFUNGA GOTI

Baada ya upasuaji wowote mwili hutengeneza kovu. Tunaliona kovu la nje, lakini liko na la ndani, kuzunguka goti. Kovu hili likiwa changa ni laini, hunyumbulika likivutwa kila siku. Lisipovutwa, hukaza. Nayo misuli ya mbele ya paja katika mwezi wa kwanza huweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Basi mgonjwa anayeogopa hakunji, asipokunja goti linakaza, likikaza siku akijaribu linauma zaidi, na likiuma zaidi anasema, "Nilijua!" Hofu inaongezeka. Ndivyo mduara huu unavyozunguka.

Hasara yake ni kubwa. Ili mtu atembee vizuri penye tambarare, goti linahitaji kukunjika kama digrii 65 hadi 70. Ili ainuke kwenye kiti bila kuvutwa, anahitaji digrii 90 au zaidi kidogo, yaani pembe kama ya kona ya meza. Wiki za mwanzo ndizo za thamani. Goti lililokaza sana, daktari hulazimika kumpa mgonjwa dawa ya usingizi na kulikunja yeye mwenyewe, na kazi hiyo hufaa zaidi katika miezi mitatu ya kwanza. Maana yake ni safari nyingine ndefu na gharama nyingine. Yule mama alikuwa anaogopa kuharibu goti kwa kulitumia, kumbe alikuwa analipoteza kwa kulilinda.

MAUMIVU YA KAWAIDA NA MAUMIVU YA HATARI

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Maumivu si lazima yawe dalili ya kuharibika. Mambo yafuatayo ni ya kawaida, wala yasikutishe:

- Goti kuvuta na kuuma wakati wa mazoezi, kisha kutulia ukipumzika.
- Goti kuvimba na kuwa na joto kiasi. Uvimbe huweza kuendelea kwa miezi kadhaa, na huongezeka jioni.
- Sehemu ya ngozi upande wa nje wa kovu kuwa na ganzi.
- Goti kulia "ka" au "tak". Ni madini yanayogusana na plastiki. Ndiyo sauti iliyomrudisha mama yetu kitandani kwa wiki nzima, na ilikuwa sauti ya goti linalofanya kazi.

Kipimo chepesi ni hiki: tazama asubuhi ya kesho yake. Kama maumivu yamerudi kama yalivyokuwa kabla ya mazoezi, uko sawa. Kama goti limevimba na kuuma zaidi kuliko jana, ulizidisha. Siku hiyo fanya nusu, lakini usiache.

Dalili zifuatazo ni za hatari. Ukiziona nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje:

- Kidonda kutoa usaha au majimaji, kufunguka, au wekundu unaoenea.
- Homa na kutetemeka kwa baridi.
- Kigimbi kuvimba, kukaza na kuuma. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa.
- Kifua kubana, au kuhema kwa shida kwa ghafla. Hii ni dharura, saa yoyote.
- Kuanguka, kisha kushindwa kukanyaga au kuinua mguu.

Naomba nisisitize jambo moja. Nyumbani tuna desturi ya kukanda kwa maji ya moto na kuchua. Usikande kidonda kibichi kwa maji ya moto, na kamwe usichue kigimbi kilichovimba, kwa maana bonge la damu linaweza kuchomoka likaenda kwenye mapafu na kuua.

HATUA KWA HATUA

Hofu haiondoki kwa kuamriwa. Mgonjwa ukimwambia "Acha woga!" unamwongezea aibu juu ya woga. Hofu huondoka pale mwili unapojionea wenyewe kwamba umejongea na hakuna kilichovunjika. Kwa hiyo tunaanza na jambo dogo sana, lisilotisha, na tunalirudia mpaka lizoeleke. Kisha tunapanda. Fuata kwanza maagizo ya daktari na mtaalamu wa fiziotherapia aliyekuhudumia. Kama hakuna katazo maalumu, mazoezi haya ndiyo ya kawaida:

1. Ukiwa umelala, nyanyua na shusha kanyagio kama anayepiga cherehani, mara 10 kila saa ukiwa macho. Husaidia damu isigande.

2. Nyoosha mguu, kandamiza goti chini kuelekea godoro hadi paja likaze, hesabu hadi 5, legeza. Mara 10.

3. Weka kitenge kilichokunjwa chini ya kisigino, siyo chini ya goti, uliache goti linyooke lenyewe. Kaa hivyo kwa muda wa kusali kumi moja la Rozari. Mto chini ya goti ni mtamu, lakini hulifundisha goti kubaki limepinda.

4. Weka mfuko wa plastiki chini ya kisigino ili kiteleze, kisha vuta kisigino polepole kuelekea makalioni. Toa pumzi unapovuta, usiibane. Simama pale panapovuta, hesabu hadi 5, rudisha. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni.

5. Kaa kwenye kiti imara, telezesha mguu nyuma chini ya kiti. Mguu mzima unaweza kuusukuma ule uliopasuliwa taratibu. Weka alama ya chaki sakafuni mahali vidole vilipofika. Kesho utafute kuipita, hata kwa upana wa kidole.

6. Tembea. Siku ya kwanza hadi mlangoni, ya pili hadi uani, kisha hadi mgomba wa kwanza, halafu wa pili. Kibanja chako kitakuwa kipimo chako.

Dawa ya maumivu uliyoandikiwa uimeze kama nusu saa kabla ya mazoezi. Wengine huiacha kwa kuogopa kuizoea, wakaingia kwenye mazoezi wakiwa na maumivu makali, na hofu ikapata nguvu. Lakini usiongeze vidonge vingine vya kununua dukani bila kuuliza. Diklofenaki na dawa za jamii yake zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo, hasa kwa wazee, wenye presha, na waliopewa dawa za kuzuia damu kuganda.

Jambo jingine linalosaidia: andika kwenye karatasi mambo yote unayoyaogopa, kuanzia dogo hadi kubwa. Kwa mfano: kukaa pembeni ya kitanda, kusimama bila kushikwa, kwenda chooni, kushuka kilima, kwenda Misa. Shughulika na moja kwa wakati. Ukilizoea, lifute, uende la pili.

MAMBO YA NYUMBANI KWETU

Choo. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa, na goti jipya halikutengenezwa kwa kuchuchumaa sana. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu, kikawekwa juu ya shimo la choo. Kiwe cha kimo ambacho magoti hayapandi juu ya nyonga. Usiku kiti hicho kiwekwe ndani, na ndoo chini yake.

Vilima. Atokaye Karagwe au Kyerwa hawezi kuvikwepa. Kumbuka: wakati wa kupanda tanguliza mguu mzima, wakati wa kushuka tanguliza mguu uliopasuliwa pamoja na fimbo. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima. Wakati wa mvua njia huteleza, na hapo hofu ina haki yake. Hofu inayokwambia, "Usishuke kwenye matope leo," ni rafiki. Hofu inayokwambia, "Usiinuke kitandani kabisa," hiyo ni mfungo. Mvua ikinyesha, tembea ndani ya nyumba au barazani.

Kupiga magoti. Mama zetu wa Kinyambo na Kihaya wamelelewa kusalimia wakubwa kwa kupiga magoti, na wengi huona fedheha wasipofanya hivyo. Kovu likipona vizuri, na daktari akiruhusu, kupiga magoti juu ya kitu laini kwa kawaida hakuharibu goti jipya, ingawa wengi huona halistareheshi. Lakini si lazima. Wazee, tafadhali, mwambieni mgonjwa mapema, "Tusalimie ukiwa umesimama." Na kanisani vilevile: mwongozo wa Misale haumlazimishi mgonjwa kupiga magoti wakati wa mageuzo. Anaweza kubaki amesimama, akainama kwa heshima padre anapopiga goti. Mgonjwa asikose Misa kwa sababu hii.

Shamba. Usirudi kwenye jembe wala kubeba mkungu wa ndizi kabla ya kuruhusiwa. Lakini kumenya ndizi ukiwa umekaa kwenye kiti, kuchambua maharage, kutembea kutazama kahawa iliyoanikwa, hizo ni kazi njema. Zinakurudishia heshima yako ndani ya nyumba, na heshima nayo ni dawa.

NENO KWA WANAOUGUZA

Wana wa familia, ndugu wa jumuiya, na akina mama wa WAWATA mnaotembelea wagonjwa: maneno yenu yana nguvu kuliko mnavyofikiri. Mgonjwa akiambiwa "lala" na watu kumi kwa siku, sauti ya muuguzi mmoja aliyemwambia "inuka" haisikiki. Mnapokwenda kumwona, msikae tu kuzunguka kitanda. Mwulizeni, "Leo umefika mgomba wa ngapi?" Kisha mtembee naye. Msimvute kwa nguvu, wala msimkunje goti ninyi wenyewe. Mmoja akae upande wake, mkono ukiwa tayari, lakini hatua iwe yake.

Na yule mama? Siku ile hatukumkunja goti. Tulimkalisha pembeni ya kitanda, mguu ukining'inia, nikamwomba aupeleke mbele na nyuma kama mtoto aliyekaa kwenye benchi, kiasi anachotaka yeye. Goti likalia "ka". Akanitazama. Nikamwambia, "Limeitika, mama." Akacheka kwa mara ya kwanza. Tuliongea kwa simu na hospitali iliyompasua, wakashauri mazoezi yaanze mara moja na arudi kwao kama hayatasaidia. Mkwe wake mkubwa akajifunza mazoezi yote. Mwezi wa tano alikuwa anainuka kwenye kiti peke yake na kwenda kanisani kwa fimbo. Goti lake halikunjiki kama lingeweza kukunjika angeanza siku ya kwanza. Zile wiki saba zimemgharimu. Ndiyo sababu nimeandika habari yake, kwa ruhusa yake, ili mwingine asizipoteze.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 3, tunasoma habari za kiwete kwenye mlango wa hekalu. Petro hakuishia kusema naye. Alimpa mkono, akamsaidia kusimama. Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yuko mwenye goti jipya, leo jioni mpe mkono wako, mfike pamoja hadi mlangoni. Kesho mtafika mgomba wa kwanza.